Barua kwa Bibi: "Rafiki wa binti yangu anasema hataki tena kuishi"

Katika toleo lililopita niligusia tu kwamba nilipokuwa nesi Bronx, mjini New York, wagonjwa walioniumiza moyo kuliko wote walikuwa wasichana wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walioletwa usiku baada ya kujaribu kujitoa uhai. Sikutegemea sentensi ile moja ingeleta barua nyingi hivi. Za ndoa na mirathi zitasubiri mwezi ujao. Leo najibu tatu za jambo hili, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inahusu mtoto aliye hatarini.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama kutoka Mwanza, naishi Bronx na mume wangu na watoto wawili. Ghorofa ya chini yetu kuna familia kutoka Jamhuri ya Dominika. Mama analea watoto watatu peke yake na anafanya usafi wa ofisi usiku. Binti yake mkubwa ana miaka 15 na ni rafiki mkubwa wa binti yangu. Juzi nikiwa namsuka binti yangu, akaanza kulia. Akanionyesha ujumbe kwenye simu, rafiki yake ameandika kwamba amechoka, na kwao wote watapumzika siku akiondoka. Wiki iliyopita alimpa binti yangu hereni alizoachiwa na bibi yake. Alimwapisha asiseme kwa mtu. Mama yake hajui Kiingereza na mimi Kihispania sijui. Naogopa nikimwambia mama, mtoto atachapwa. Nikiwaambia shule, huenda watoto wakachukuliwa au mama akaingia matatani kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Tena sisi tumelelewa kwamba ya nyumba ya watu hayaingiliwi. Nifanye nini? — Mama wa Wawili, Bronx

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuiacha isubiri gazeti. Tulizungumza kwa simu usiku uleule, na kwa ruhusa yako naandika hapa tuliyoyasema, maana wapo wengine walioshika siri ya namna hiyo leo.

Tuanze na kiapo. Kiapo cha kuficha kifo hakimfungi mtu. Binti yako amefanya jambo kubwa kukuambia, na anapaswa kulisikia hilo kinywani mwako leo, kabla hajaanza kujiona msaliti. Mwambie kwamba rafiki akimnunia, atakuwa yupo hai wa kumnunia, na hayo yatatengenezeka. Usimwache pia abebe kazi ya kumlinda mwenzake usiku kucha kwa simu. Kuanzia alipokuonyesha ule ujumbe, kazi hiyo ni ya watu wazima.

Ulichokisoma usikiite utoto wala kutafuta kuonekana. Msichana anayesema watu wake watapumzika akiondoka, kisha anagawa hereni za bibi yake, ameshasema waziwazi. Kinachobaki ni mtu mzima wa kumjibu.

Na kumjibu kunaanza kwa kumuuliza. Usizunguke. Usiseme "huwazi mambo mabaya, sivyo?" maana hapo umeshampa jibu unalotaka kulisikia, naye kwa adabu atakupa. Keti naye pembeni, mpe chai, umuulize: "Unafikiria kujiua?" Ukishauliza, nyamaza hadi aseme. Akisema ndiyo, usimhubirie na usimtajie dhambi. Usimkumbushe jinsi mama yake anavyoteseka kwa ajili yao. Hilo analijua kuliko wewe, na mara nyingi ndilo linalomkandamiza. Muulize ni tangu lini, kama ameshafikiria namna, na kama kitu hicho kiko karibu naye. Akiwa na mpango na kitu anacho, asiachwe peke yake hata kidogo. Mnapiga 911, namba ya dharura ya Marekani, au mnakwenda naye idara ya dharura ya hospitali. Kama hana mpango, bado mnapiga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, siku hiyohiyo.

Wengi wenu mmeniandikia kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtoto wazo. Hofu hiyo naiheshimu, nimeikuta hata kwa madaktari. Lakini ilipimwa. Mwaka 2005 mtafiti Madelyn Gould wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa shule 6 za sekondari katika jimbo la New York. Nusu waliulizwa kuhusu kujiua na nusu hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuonekana na dhiki zaidi wala mawazo hayo zaidi ya wenzao. Waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu ndio hasa walioonekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Mtoto anayewaza kufa ameshawaza. Ukimuuliza, unamwondolea upweke wa kuwaza peke yake.

988 ni namba ya bure ya Marekani nzima iliyoanza Julai 2022, na inapokea saa 24. Anayetaka Kihispania anabonyeza 2. Tangu Julai 2023 mtu anaweza pia kutuma ujumbe wenye neno AYUDA kwenda 988 akajibiwa kwa Kihispania. Unaweza kupiga wewe kwa ajili yake, si lazima awe mwenyewe. Kwa New York namba hiyohiyo inaweza kukuunganisha na timu ya dharura ya afya ya akili inayokuja hadi nyumbani. Timu hiyo huja baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usiitegemee kwa hatari ya sasa hivi.

Sasa mama yake. Hapa woga wako naukataa. Umeniuliza kama inawezekana kumsaidia binti bila mama kujua. Haiwezekani, na hata ingewezekana nisingekushauri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu mzazi hajapewa nafasi ya kuujua. Shuka umwone kabla hajatoka kwenda kazini. Tafuta mtu mzima wa kutafsiri, labda jirani mwenye heshima au mtu wa kanisani kwao anayejua kufunga mdomo. Asitafsiri binti mwenyewe, wala binti yako. Usimwambie "mtoto wako ana tatizo." Mwambie: "Binti yako anakupenda, na ana maumivu makubwa anayoogopa kukuongezea. Nimekuja ili tusaidiane." Huenda akapandisha sauti. Nimewaona akina mama wa Kidominika, wa Puerto Rico, wa Ekwado, wakianza kwa hasira kali pale kwenye kiti cha plastiki cha mapokezi: "Nini nimemnyima? Nafanya kazi mbili kwa ajili ya nani?" Usibishane naye. Kaa palepale. Baada ya dakika chache hasira hiyo huyeyuka, na chini yake unaikuta hofu tupu.

Kuhusu karatasi sitakudanganya. Hofu ile ina msingi, hasa tangu Januari 2025 serikali ya Marekani ilipofuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu shuleni, hospitalini na makanisani. Ndiyo maana wewe mwenye karatasi unapaswa kwenda naye, uzungumze wewe pale mlangoni. Lakini na haya yajue. Sheria ya mwaka 1986 inailazimu idara ya dharura ya hospitali kumpima na kumtuliza yeyote anayefika katika hali ya hatari, awe na fedha au hana, awe raia au si raia. Jimbo la New York lina bima ya watoto iitwayo Child Health Plus, inayowapokea walio chini ya miaka 19 bila kujali hali yao ya uhamiaji. Na mama anayempeleka mtoto wake kutafuta matibabu anatimiza wajibu wa mzazi. Kwa hilo watu hawanyang'anywi watoto. Shule ya serikali inapaswa kumpa mkalimani bure, aombe. Mshauri wa shule atawapigia simu wazazi kwa vyovyote, hivyo ni heri mama awe amesikia kwako kwanza.

Kabla hujapanda kurudi kwako, msaidieni mama kufungia dawa zote za nyumbani, hata zile za maumivu zinazonunuliwa dukani bila cheti. Kinachomzidi mtoto mara nyingi ni saa moja tu ya kiza. Mtoto akivuka saa ile bila kitu cha kumdhuru karibu, kwa kawaida anavuka.

Na lile la kutoingilia ya watu: mwanangu, sisi tunaingia nyumba ya jirani moto ukiwaka, hatungoji kukaribishwa.

Bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya wasichana, Kilifi. Nimesikia kwamba Marekani wasichana wa Kilatino hujaribu kujiua zaidi ya wenzao. Kinachonishangaza ni kwamba wana mambo tunayoamini sisi huwakinga watoto: familia kubwa, dini, bibi ndani ya nyumba. Kwa nini basi wao? Na watu wa huko wamefanya nini kinachofaa? — Mwalimu, Kilifi

Marahaba, mwalimu. Swali lako ndilo nililolala nalo miaka mingi.

Hesabu kwanza, kwa ufupi. Kila baada ya miaka miwili kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, huwauliza wanafunzi wa sekondari kuhusu mambo yanayowahatarisha. Mwaka 2015, katika kila wasichana 100 wa Kilatino, 15 walisema walijaribu kujiua katika miezi 12 iliyopita. Kwa wasichana weupe na weusi walikuwa kama 10. Baadaye wasichana weusi nao walipanda. Mwaka 2021, karibu msichana mmoja katika kila watatu wa makabila yote alisema amefikiria kwa dhati kujiua. Kwa hiyo hili si jambo la Walatino peke yao. Lakini wao walikuwa juu miaka mingi kabla mtu hajasimama kuuliza kwa nini.

Aliyeuliza kwa bidii kuliko wengi ni Luis Zayas, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyewahoji wasichana waliojaribu na ambao hawakujaribu, pamoja na mama zao, mjini New York. Alichokikuta kinagusa swali lako moja kwa moja. Wasichana hawa hawakuwa wametupwa na familia. Walikuwa ndani yake mno. Binti wa Kilatino hufundishwa tangu utotoni kwamba familia inatangulia, kwamba msichana mwema hujinyima kwa ajili ya wengine, hubaki nyumbani, hulea wadogo. Kisha anakwenda shule ya Kimarekani, na huko anaambiwa kila siku ajichagulie na asimame mwenyewe. Kaka yake anatoka jioni, yeye haruhusiwi. Mara nyingi jaribio lilifuata ugomvi wa nyumbani, pengine wa kitu kidogo kama simu, mvulana au kuchelewa kurudi. Na kilichowatofautisha sana wasichana ambao hawakujaribu ni jinsi mama na binti walivyoweza kuzungumza wakasikilizana. Familia kubwa inakinga pale tu mtoto anapoweza kufungua kinywa ndani yake.

Nitakueleza nilichokiona. Binti wa miaka 14, sare ya shule mwilini, alikuja kumtafsiria mama yake majibu ya vipimo. Daktari akasema maneno mengi, sura nzito. Yule mtoto akanyamaza, akameza mate, akamwambia mama yake maneno machache tu ya Kihispania. Kihispania changu kilitosha kujua kwamba ameacha nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa mbaya. Alitaka kwenda nayo nyumbani peke yake. Mama akatabasamu, akamshukuru daktari. Nilitoka kwenda kumtafuta mkalimani wa hospitali. Siku hizi kanuni za huko zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa dharura ambapo mkalimani hapatikani mara moja, lakini bado hutokea. Watoto hawa ndio wanaosoma barua ya mwenye nyumba inayotishia kuwafukuza, ndio wanaozungumza na benki. Wanajua deni la kila mtu. Mwalimu, ukiwa na mwanafunzi anayelea wadogo zake na kuficha njaa ya nyumbani ili mama asiaibike, unamjua mtoto ninayemsema.

Sasa walichokifanya. Mwaka 2008, Dakta Rosa Gil, mwanzilishi wa shirika liitwalo Comunilife la New York, alianzisha mradi kwa ajili ya wasichana wa Kilatino waliojaribu kujiua au waliofikiria sana. Unaitwa Life is Precious, na umefungua vituo Bronx, Brooklyn, Queens na Washington Heights, mitaa ambako familia hizo zinaishi. Mradi wenyewe si kliniki. Binti anaendelea na matibabu kwa mtaalamu wake, kisha baada ya masomo anakwenda kituoni. Anakuta chakula. Anakuta mtu wa kumsaidia hesabu, kwa sababu wengi wameshaanguka shuleni na aibu hiyo ni sehemu ya ugonjwa. Kuna uchoraji na muziki vinavyoongozwa na watu waliosomea kutibu kwa njia hiyo, maana mtoto aliyezoea kuficha maneno huweza kuchora asichoweza kusema. Wafanyakazi wanazungumza Kihispania na wanawajua mama zao. Akikosa kufika, anatafutwa. Mama naye anaitwa. Anakaa na mama wenzake, anajifunza kuzungumza na binti anayekua, anapata msaada wa nyumba au chakula kama huo ndio mzigo.

Hilo la mama ndilo naliona kubwa kuliko yote. Nimeona miradi mingi iliyomchukulia mzazi kama mshtakiwa: mtoto anaingizwa chumbani, mlango unafungwa, mama anabaki kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Mtoto anatibiwa, kisha anarudishwa jioni kwa mama yuleyule asiyejua lolote. Mama ni sehemu ya dawa. Ukimwacha nje umempa mtoto nusu dozi.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, kama inawezekana bila fedha. Mtaalamu wa tiba hapatikani bure, na usimruhusu mtu akuambie kwamba maombi na mpira wa wavu vinachukua nafasi yake kwa mtoto mwenye sonona kali. Jua hospitali iliyo karibu nawe yenye daktari au nesi wa afya ya akili, umfahamu kwa jina, uwe na namba yake kabla hujamhitaji. Lakini chumba kinachofunguliwa baada ya vipindi, uji, mtu mzima yuleyule kila siku, orodha ya nani hakufika na nani anakwenda kumuulizia, vikao vya akina mama visivyo vya kulalamikia alama: hayo mnaweza kuyaanza na mlicho nacho. Wafundishe pia wasichana wenyewe kwamba siri ya namna hii hupelekwa kwa mtu mzima, na kila mmoja amtaje kwa jina mtu mzima atakayemwendea. Mtoto husema kwa mwenzake kwanza. Tumeyaona hayo katika barua ya juu.

Na kwa kuwa uko Kenya, kuna kizuizi kimeondoka. Kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilikuwa kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Waambie wazazi. Wengi bado wanaficha kwa kuogopa polisi, na mficha maradhi kilio humuumbua.

Bibi, shikamoo. Nimetoka Tanga, nimeolewa San Antonio, Texas, na mume mwenye asili ya Meksiko. Binti wa wifi yangu anatimiza miaka 15 mwezi ujao, na kwao hiyo ni sherehe kubwa, quinceañera. Ukumbi umelipiwa, gauni limeshonwa. Wiki mbili zilizopita alijaribu kujiua, akalazwa, amerudi Jumamosi. Mama mkwe anasema sherehe iendelee na hakuna atakayelitaja lile jambo. Wifi anataka kuifuta. Nyumba imegawanyika. Mtoto haongei, anakaa nami jikoni tu nikipika. Mimi ni mke wa kuja, sijui nina haki gani ya kusema. — Wifi, San Antonio

Marahaba mwanangu, mtu wa kwetu. Haki unayo. Mtoto amekuchagua wewe, amekuja kukaa jikoni kwako.

Sherehe nitaifikia. Kuna linalotangulia. Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ndizo za hatari kuliko nyingi, na ndizo ambazo familia huvuta pumzi ikidhani yameisha. Uliza leo: miadi yake na mtaalamu ni lini? Iwe ndani ya siku 7 tangu atoke. Kama hakuna tarehe iliyoandikwa, mpigieni hospitali asubuhi mpaka ipatikane. Uliza pia kama alipewa mpango wa usalama. Ni karatasi anayoandika mwenyewe pamoja na mtaalamu, kwa namna iliyotengenezwa na Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili zinazomwonyesha kwamba kiza kinakuja, anachoweza kufanya mwenyewe kujituliza, mahali na watu wa kumwondoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, namba za wataalamu, na namna ya kuiweka nyumba salama. Muulize kama jina lako unaweza kuliweka humo. Nyumba kuwa salama, kwa Texas, kuna neno gumu la kumwambia mume na shemeji zako: bunduki. Itoke nyumbani kwa wakati huu, au ifungiwe na risasi zifungiwe mbali nayo, ufunguo asioujua mtoto. Hilo wanaume wa nyumba walifanye leo, kabla ya ubishi wa sherehe.

Mama mkwe wako namwelewa. Anataka kumlinda mjukuu na midomo ya watu. Kwake kunyamaza ni huruma. Lakini mtoto aliyerudi kutoka kufa akakuta hakuna anayelitaja huelewa kwamba ametia aibu, na hilo ndilo alilokuwa akiliamini tangu mwanzo. Mwendee bibi kwa heshima yenu yote ya huko, mbusu mkono ikibidi. Mwambie kwamba mtaa hauna haja ya kujua, ila ndani ya nyumba mtoto asikie maneno haya angalau mara moja kutoka kwa bibi yake: "Ninajua kilichotokea, na ninafurahi kwamba upo." Akiweza kuyasema hayo, mengine atafundishwa na daktari.

Sasa sherehe. Mnagombana nyie watu wazima juu ya kitu ambacho mwenyewe hajaulizwa. Nimewahi kualikwa kwenye quinceañera za wagonjwa wetu waliopona. Kuna misa, kisha ukumbi, binti anaingia na gauni pana lisilopita mlangoni vizuri, nyuma yake wasichana na wavulana wa msafara wake, kisha anacheza na baba mbele ya watu wote. Ni siku nzuri sana. Kwa mtoto aliyetoka hospitalini juzi inaweza kuwa pia saa tano za kutazamwa na watu mia mbili. Wala kuifuta si rahisi kwake. Atahisi amewapotezea fedha na ameharibu tena. Basi mpeni chaguzi za kweli, akiwa na mtaalamu wake ikiwezekana: kuendelea, kusogeza mbele, au misa tu na chakula cha nyumbani na gauni lake. Mwambieni kwamba fedha ni shughuli ya watu wazima. Atakalochagua lisibishwe, na akibadili mawazo wiki moja kabla, pia lisibishwe.

Wewe binafsi nakupa kazi ndogo. Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwaandikia barua fupi wagonjwa waliotoka hospitalini na kukataa kuendelea na matibabu. Mistari michache ya kuwajulia hali, bila kuwadai chochote. Katika miaka 2 ya kwanza, walioandikiwa walijiua kwa uchache kuliko wasioandikiwa. Kwa hiyo mtumie ujumbe siku usipomwona. "Leo napika wali wa nazi, nimekukumbuka." Asipojibu, usimdai jibu. Na jikoni, usikwepe. Siku moja mkiwa mnamenya vitunguu, muulize wazi kama mawazo yale yamerudi, kisha muulize tena baada ya siku chache. Akisema ndiyo, mnafungua ile karatasi yake na mnaanza kupiga simu.

Niandikie tarehe ya miadi ikishapatikana.

Kwa wasomaji wengine: Marekani na Kanada namba ni 988. Uingereza, Samaritans wanapatikana kwa 116 123. Kenya na Tanzania, mtoto au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto apige 116, ni bure. Kama hatari iko mbele yako sasa hivi, usisubiri simu ipokewe. Mshike mkono uende naye hospitali iliyo karibu.